Sura ya Tano: Kilichobaki Ngamani

Mwezi Aprili 1858, Richard Burton na John Speke waliondoka Ujiji kwa mitumbwi miwili kwenda Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kuutafuta mto waliotumaini kwamba ungewapeleka kwenye Nili. Safari ile imeandikwa sana kwa sababu ya mto. Mimi huirudia kwa sababu ya makombo. Burton alieleza kwamba wapiga kafi wake hawakuruhusu masazo ya chakula yatupwe ziwani, kwa kuhofia kwamba mamba wangeufuata mtumbwi. Basi kilicholiwa kikabaki kilidondoka humo humo, chini, kwenye maji yaliyojikusanya katikati ya miguu ya watu. Kwa Mwingereza yule hiyo ilikuwa kero. Kwa mtu anayechunguza vyombo vilivyozama, ni habari njema kuliko zote alizoziandika.

Sehemu hiyo ya chini kabisa ya chombo, mabaharia wa pwani huiita ngama. Ndipo maji yanapochuruzika na kungoja kufuliwa. Vitabu vya safari vimeandikwa na waliokaa juu: manahodha, maofisa, wamisionari, wapelelezi waliokuwa na kalamu na mahali pa kuegemeza daftari. Ngama huandikwa na kila aliyepanda. Aliyekula, aliyeshona, aliyechana nywele, aliyeugua, aliyetafuna muwa usiku asionekane, wote wameacha kitu kilichopenya kati ya mbao kikatulia pale ambapo hakuna aliyejisumbua kukiokota.

Kuna tofauti kubwa kati ya kijiji cha kale na meli iliyozama. Watu wanaohama kijiji hubeba vya maana na kuacha vilivyovunjika, kwa hiyo tunachochimbua nchi kavu mara nyingi ni vile ambavyo wenyewe walivikataa. Meli inayozama ghafla huenda na vitu vyote vikiwa kazini. Sufuria iko mekoni, kiatu kiko mguuni, dawa iko ndani ya kasha la mganga. Mary Rose, meli ya kivita ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, ilizama mwaka 1545, na ubavu wake uliosalia ukainuliwa mwaka 1982. Ndani ya tope lake vilikutwa vitana zaidi ya 80, vingine vikiwa na chawa bado wamenasa katikati ya meno. Walikuta viatu vya ngozi, vyombo vya kuchezea michezo ya kupitisha muda, mifupa ya mbwa mdogo. Walikuta pia mifupa ya mabega ya vijana ambayo haikuungana kama inavyotakiwa mtu akikua, na wataalamu wakaihusisha na kuvuta pinde nzito tangu utotoni. Makarani wa mfalme walihesabu mizinga na mishahara. Chawa na mabega yaliyoumia yalibaki kazi ya tope kuyaeleza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna chombo kimoja kilichosomwa kwa njia hiyo hiyo, nacho ni Santo António de Tanná. Ilikuwa meli ya Kireno iliyoundwa Bassein, pwani ya magharibi ya India, ikashushwa majini mwaka 1681. Ilitumwa kutoka Goa kuisaidia Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyokuwa imezingirwa na Waomani na washirika wao tangu Machi 1696. Mwezi Oktoba 1697 ikazama mbele ya ngome, kwenye mteremko wa matumbawe, karibu kiasi kwamba waliokuwa juu ya kuta wangeweza kuwaita kwa majina waliokuwa wakihangaika majini. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walilichimba tope lile kwa utaratibu: fremu za mraba zikilazwa juu ya mabaki, kila kitu kikipimwa mahali pake kabla ya kuguswa, tope likifyonzwa kwa bomba la hewa.

Walichokipata kinaonyesha kwamba kuiita meli ile ya Kireno ni kusema nusu ya ukweli. Mkuku na mataruma yalikuwa kazi ya mafundi wa India. Kulikuwa na vigae vya kauri ya Uchina, vyombo vya Ureno vilivyopakwa rangi, mitungi mikubwa ya Martaban kutoka upande wa Burma, vyungu vya kawaida vya India visivyo na urembo wowote, magudulia ya kupozea maji, magogo ya mpingo. Ukiviweka pamoja unaanza kuona nani alikula katika nini. Kauri nyembamba ilikuwa ya wachache. Vyungu visivyo na jina vilikuwa vya wengi, na wengi hao, katika meli za Goa za wakati ule, walikuwa mabaharia wa Kihindi, askari maskini, na Waafrika, baadhi yao watumwa. Gudulia linaniambia zaidi kuliko mzinga. Mzinga unasema mfalme fulani alitaka nini, lakini gudulia linasema kwamba mtu mwenye kiu kwenye jua la Mombasa alijua kuwa udongo unaovuja jasho hupoza maji.

Meli nyingine iliyotoka pwani yetu imefundisha jambo zito zaidi. São José, meli ya Kireno ya watumwa, ilitoka Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1794 ikielekea Brazil, ikavunjika karibu na Cape Town mwezi Desemba. Zaidi ya watu 200 waliokuwa wamefungwa ndani yake walikufa, na wengi wa walionusurika waliuzwa tena siku chache baadaye. Mabaki yake yalitambuliwa rasmi mwaka 2015, na ushahidi mmojawapo ulikuwa vipande vya chuma vya farumi. Orodha ya mizigo iliyohifadhiwa Ureno ilitaja vipande 1,400 vya namna hiyo. Meli ya bidhaa hukaa sawa kwa uzito wa bidhaa zake. Meli iliyojaa wanadamu ni nyepesi, tena mizigo yake husogea, hujinyonganyonga, hufa. Ndiyo maana walihitaji chuma kile chote chini. Hakuna aliyeshuka na kuandika hesabu ya mateso ndani ya São José, ila vyuma vya farumi viliiandika kwa kilo.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu Ujiji nayo ilikuwa bandari ya biashara hiyo. Mateka kutoka Manyema walivushwa ziwa kwa mitumbwi na majahazi, wakashushwa upande wetu, wakaunganishwa na misafara ya kwenda Tabora na pwani pamoja na pembe za ndovu. Mitumbwi mikubwa ya ziwa ilichongwa kwa magogo ya mvule na miti mingine mikubwa kutoka milima ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi. Wafanyabiashara wa pwani wakaleta ufundi wa mbao zilizounganishwa na wa matanga. Mwaka 1878 akafika Ujiji Edward Hore wa Shirika la Misioni la London, naye aliandika mengi yenye faida kuhusu upepo, vilindi na ujenzi wa vyombo. Lakini kuhusu yule aliyevuka ziwa akiwa amefungwa kamba sakafuni mwa jahazi, kipande kimoja cha mnyororo kilichokutwa mahali pake kingekuwa na sauti kuliko daftari zima la mpita njia.

Atembeleaye Ngome ya Yesu leo huviona vitu vya Santo António ndani, na nje ataona mzinga mmoja uliotoka kwenye meli ya Kijerumani, Königsberg. Meli ile iliangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake, wakaifunga magurudumu na kuitawanya nchi nzima. Mmoja ulipanda treni ya reli ya kati, ukasafiri kilomita zaidi ya 1,200, ukafika Kigoma. Huko ulifungwa kwenye meli ambayo kila mtoto wa Gungu, Mwanga na Ujiji anaifahamu, ingawa wengi wanaifahamu kwa jina lake la pili.

Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, mwaka 1913. Ilipokamilika ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa bara. Reli ilifika Kigoma mwezi Februari 1914. Simulizi zinazorudiwa kila mahali huwataja kwa majina Wajerumani watatu waliofuatana na makasha: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Mafundi wa Kihindi na mamia ya Waafrika walioiunga meli hutajwa kwa jumla, kwa neno "wafanyakazi". Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa ziwani, urefu wake mita 70 na ushei. Hakukuwa na kitu kikubwa kama hicho juu ya maji yale.

Sasa tazama ubavu wake, kwa maana ubavu huo bado upo. Mabati yake yameshonwa kwa ribiti. Ili ribiti moja ikae, alihitajika mtu wa kuvukuta moto mpaka chuma kiwe chekundu, mtu wa kukitia tunduni, mtu wa kukizuia kwa upande wa pili, na mtu wa kupiga nyundo kabla hakijapoa. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja akipiga kelele kwa Kijerumani. Hufanywa na kundi lililokwisha kusikilizana kwa mikono. Kichwa cha ribiti iliyopigwa kwa mkono hubaki na alama ya jinsi kilivyopigwa, na mchunguzi mwenye subira anaweza kutofautisha safu iliyopigwa na kundi stadi na safu ya wanafunzi, na safu ya awali na ile iliyopigwa miaka mingi baadaye wakati wa matengenezo. Ndiyo maana nasema wafanyakazi wale hawakupotea kabisa. Wameacha saini zao kwa maelfu chini ya rangi.

Maisha ndani ya Götzen ya vita yalikuwa ya tabaka mbili. Juu walikuwapo maofisa na mabaharia wa Kijerumani, baadhi yao wakiwa wametoka kwenye Königsberg iliyokufa. Chini, kwenye moto, walikuwapo wachochea boila. Meli za mvuke za ziwa hili ziliendeshwa kwa kuni, na kuni haziji zenyewe: kuna aliyekata, aliyebeba mpaka ufukweni, aliyepanga ngamani, aliyesukuma kinywani mwa tanuri saa baada ya saa. Mkaa uliobaki katika tanuri la meli iliyozama, ukiwekwa chini ya hadubini, hutaja mti ulikotoka, kwa sababu muundo wa mbao hubaki hata baada ya kuungua. Kutokana na konzi moja ya majivu mtu angeweza kujua ni misitu ipi ya mwambao iliyolishwa kwa vita vya Ulaya.

Hata mzinga una kisa chake. Mapigano ya nchi kavu yalipokuwa makali, mzinga wa Königsberg ulishushwa kutoka Götzen ukapelekwa kwa jeshi, na mahali pake ukawekwa mzinga wa mbao ili adui aliyetazama kwa darubini adanganyike. Waingereza waliokuwa ng'ambo waliiogopa meli iliyobeba gogo lililochongwa na seremala. Gogo lile likipatikana siku moja, nitalithamini kuliko mzinga wa Mombasa.

Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanaikaribia Kigoma. Tarehe 26 Julai, mafundi wenyewe walioiunga Götzen waliizamisha. Waliipaka mitambo mafuta mazito ya grisi kabla ya kuishusha, wakiamini kwamba kuna siku ingehitajika tena. Waliizamisha kama mtu anayeweka akiba. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua Machi 1924, wakakuta mitambo ingali na uhai, wakaikarabati, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone aliwasikia watu wa kusini mwa ziwa wakilitumia kwa ziwa hili.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi, nami nakifurahia kama Mkigoma yeyote. Lakini kwa swali la sura hii, kuinuliwa kule kulikuwa na gharama yake. Meli inayozamishwa kwa mpango hukombwa kwanza: chakula, nguo, zana, karatasi, vyote hushuka pwani na wenyewe. Kisha ikiinuliwa kwa ajili ya kazi, tope lake hupigwa maji na koleo, na chochote kilichobaki ngamani hutupwa bila kuhesabiwa. Mafundi wa mwaka 1924 hawakuwa na kosa. Walitumwa kuleta meli, wakaileta. Hata hivyo kama mchochea boila mmoja aliangusha tasbihi, au kiko, au kijiko chenye alama yake aliyoikwaruza kwa msumari, kilikwenda na tope lile. Meli mashuhuri kuliko zote za ziwa letu ndiyo iliyosafishwa kuliko zote.

Kinyume chake ni Hedwig von Wissmann. Ilikuwa meli ndogo ya mvuke iliyotangulia Götzen ziwani kwa zaidi ya miaka 10. Agosti 1914 ndiyo iliyoishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na tangu hapo Wajerumani wakawa wenye ziwa. Waingereza walijibu kwa kuleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, wakazivusha milima ya Kongo kwa mashine za mvuke, ng'ombe na nguvu za watu, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani, boti nyingine ya Wajerumani, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Mimi na Fifi ziliifukuza Hedwig mpaka risasi za mzinga zikaifikia. Ikawaka, ikazama. Waingereza wakaopoa bendera kubwa ya jeshi la majini la Ujerumani, na magazeti yao yakashangilia bendera.

Kilichokwenda chini na Hedwig ndicho kinachonishughulisha. Hakuna aliyepata nafasi ya kuikomba meli ile. Chakula cha siku hiyo, kuni zilizopangwa, mikeka, vyombo vya mabaharia Waafrika waliokuwa ndani pamoja na Wajerumani, vyote vilizama vikiwa vinatumika. Kwa mtafiti wa maisha ya watu, meli hiyo ndogo isiyotajwa kwenye filamu wala kwenye vijitabu vya watalii ina maneno mengi kuliko dada yake mkubwa.

Na ziwa lenyewe ni mtunzaji wa aina yake. Baharini, mbao zilizo wazi hutobolewa na kiumbe wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo mpaka zinakuwa kama sega la nyuki. Santo António ilisalia pale tu ambapo tope liliifunika. Kiumbe huyo hayumo katika maji baridi ya Tanganyika. Vasa, meli ya Sweden iliyozama mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961, ilibaki karibu nzima kwa sababu kiumbe huyo hawezi maji ya Baltiki yenye chumvi kidogo. Tanganyika ina sifa hiyo na nyingine ya ziada. Kina chake kinafika mita 1,470, na maji yake ya juu hayachanganyiki na ya chini. Kuanzia mita 100 hadi 200 hivi kushuka, hewa ya oksijeni inakwisha. Samaki hawaishi huko, wala wadudu waozeshao mbao. Katika Bahari Nyeusi, yenye tabia kama hiyo, mwaka 2018 ilitangazwa habari ya meli ya Kigiriki ya miaka 2,400 iliyopigwa picha kwenye kilindi cha zaidi ya kilomita 2, mlingoti ukiwa bado umesimama. Kwa chuma mambo si mepesi, maana maji yale ya giza yana salfaidi inayoweza kukila chuma kwa njia nyingine. Ila mtumbwi wa mvule, kafi, ungo, kamba, ngozi, hata nguo, vina matumaini makubwa kilindini kuliko katika kabati nyingi za makumbusho.

Wapo pia walioweka vitu majini kwa makusudi. Stanley, alipopita chini ya mlima wa Kabogo, alieleza jinsi wasafiri walivyokuwa wakidondosha shanga na vitambaa ziwani ili mwenye mahali pale awaruhusu kupita salama. Katika Ujiji ya karne ya 19 shanga zilikuwa fedha. Soko lake lilikuwa na aina yake iliyokubalika, sofi, iliyohesabiwa kwa nyuzi. Kwa hiyo aliyetupa shanga majini alilipa kwa fedha halali, na malipo hayo hayajachukuliwa na mtu. Kipande cha sakafu ya ziwa chini ya Kabogo ni daftari la hofu na imani za mabaharia kwa vizazi, lenye rangi na umri unaoweza kusomwa, kwa kuwa wataalamu wa shanga hutambua nyingi zilitengenezwa wapi na lini.

Si lazima kila mara mtu azamie. Maji ya ziwa hili hupanda na kushuka kwa mita kadhaa. Yalikuwa juu sana miaka ya 1870, mpaka mto Lukuga ulipofungua njia upande wa Kongo karibu mwaka 1878, kisha yakashuka kwa kiasi cha mita 10 katika miaka iliyofuata. Ndiyo sababu mtu anayekwenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, hulikuta ziwa limekaa mbali na mwembe, na hushindwa kuelewa walishukia wapi. Ufukwe wa mitumbwi wa wakati ule leo ni viwanja, bustani za mchicha na misingi ya nyumba. Mtumbwi uliochoka zamani uliachwa ufukweni, na ufukwe huo uko chini ya majembe yetu. Kuanzia mwaka 2020 maji yamepanda tena, yakameza sehemu za mwambao na kuisumbua mialo kama Kibirizi. Kila mara ziwa linapotembea hivyo linafukua na kufukia, na anayeshinda ufukweni ndiye wa kwanza kuona.

Hao wa ufukweni wana ujuzi ambao hakuna chombo cha sauti kutoka Ulaya kitakachouzidi kwa kuanzia. Mvuvi wa dagaa anayekesha na taa, na mwenzake wa migebuka, wanajua mahali nyavu zinapong'ang'ania pasipo na mwamba. Mabaki mengi ya meli duniani yalijulikana kwanza kwa wavuvi na wazamiaji wa kujitafutia riziki. Meli ya kale kuliko nyingi, ile ya Uluburun huko Uturuki, iligunduliwa mwaka 1982 na mpiga mbizi wa sponji aliyeona kitu ambacho hakukielewa, akakieleza. Mabaki ya Ngomeni, karibu na Malindi, ambayo wanaakiolojia wanafikiri huenda ni ya São Jorge, meli ya Kireno ya mwaka 1524, yamekuwa yakichunguzwa kwa ushirikiano na wenyeji wa hapo hapo, ambao wamefundishwa kuyalinda. Ndani yake kumepatikana pembe za ndovu na mikate ya shaba. Mfano huo unafaa mwambao wetu, kuanzia Kagunga hadi Kasanga, kuliko mfano wa msafara wa wageni wanaokuja, wanachukua na kuondoka.

Kuna mabaki ambayo hayapaswi kuguswa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya watu, na wengi wao hawakutolewa humo. Yale ni makaburi ya watu ambao ndugu zao wanaishi, na udadisi wa msomi hauna haki yoyote pale. Hedwig nayo ina wafu wake, Waafrika na Wajerumani. Miaka zaidi ya 100 imeondoa wajane, haijaondoa heshima. Kwa maoni yangu meli ile isiinuliwe hata kama fedha zitapatikana. Itafutwe, ipigwe picha, ipimwe, ichorwe bati kwa bati, na iachwe. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa chini ya maji unaweka mbele njia hiyo ya kuacha kitu mahali pake, na ziwa letu linajua kutunza kuliko ghala lolote tulilonalo.

Liemba ni suala tofauti, kwa sababu yeye hakuwa kumbukumbu. Alikuwa usafiri. Tangu 1927 amebeba mahindi, mawese, dagaa, wanafunzi, maharusi na maiti kati ya Kigoma na Mpulungu, akisimama mbele ya vijiji visivyo na gati huku maboti yakimkimbilia ubavuni na abiria wakipandia mlangoni kwa kuvutwa mikono. Daraja la tatu lilikuwa chini, watu na mizigo pamoja. Mei 2015 alikwenda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamerundikana ufukweni na kuanza kuuawa na kipindupindu, watu 600 kwa safari moja. Tukizungumzia maisha ndani ya meli za kihistoria, mtoto aliyelala juu ya kidumu cha maji kwenye sitaha ile ni sehemu ya historia hiyo sawasawa na ofisa wa Kijerumani wa 1915.

Katika miaka ya karibuni meli imesimama Kigoma kwa ajili ya ukarabati mkubwa. Ukarabati ni lazima, la sivyo chuma kitamalizika. Hofu yangu ni kurudia yaliyotokea mwaka 1924, kwamba kitu kitafanyika vizuri kwa upande wa meli na vibaya kwa upande wa kumbukumbu. Kila bati la zamani linalokatwa lipigwe picha kabla ya kukatwa, lipewe namba, ieleweke lilikuwa upande gani. Safu chache za ribiti za awali zihifadhiwe zikionekana. Tope na kutu vinavyokwanguliwa chini ya sakafu vichekechwe, si kumwagwa. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya bei kubwa. Inahitaji chekecheke, ndoo, kamera ya simu, daftari, na vijana wawili watatu waliofundishwa kwa muda mfupi.

Boila za mvuke za Liemba ziliondolewa miaka ya 1970, injini za dizeli zikachukua nafasi. Kijana aliyechochea moto ule akiwa na miaka 20 mwaka 1970 leo amepita 70. Wazee wa aina hiyo, kama wangali hai, watakuwa hapa hapa, Gungu, Mwanga, Bangwe, Ujiji, na simu yoyote ina kinasa sauti. Waulizwe mambo ambayo mpiga mbizi hulazimika kuyatafuta kwa vidole ndani ya tope: kuni zilipakiwa kijiji gani na nani alilipwa, mlikula nini zamu ya usiku na nani aliyepika, mlilala wapi, mlijifunga nini mikononi mlango wa tanuri ulipofunguliwa, mtu akiugua katikati ya ziwa alipewa dawa gani, na mlipopita Kabogo, je, bado kulikuwa na aliyedondosha kitu majini.